Waliona Kuku

Leo nataka tuende nyuma kidogo, mpaka 1935, lakini lazima kwanza nianzie kwa alama zangu mbaya.

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kikundi: tengenezeni tangazo la vidio la sekunde 60, bidhaa ya kubuni, halafu mlionyeshe darasani. Tulikuwa watano. Mimi ndiye nilikuwa na kamera ya kuazima na mdomo mrefu, kwa hivyo nikawa mwelekezi. Bidhaa yetu ilikuwa programu ya simu ya kuweka akiba. Hadithi niliiandika usiku mmoja. Mama mboga anaficha pesa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia chini ya kitanda. Mwizi anaingia, anabeba mkebe. Mama analia. Kisha anatokea mpwa wake msomi, shati limepigwa pasi, anatoa simu mfukoni na kumwonyesha vile watu wa siku hizi huweka pesa. Mama anatabasamu. Muziki unapanda. Mwisho.

Huyo mama mboga alikuwa anti yangu wa ukweli. Ana kibanda huko Kayole na alikubali kuigiza kwa soda moja na ahadi kwamba nitamwonyesha vidio ikiisha. Sikumwonyesha. Nitarudi hapo.

Tulipata 11 kwa 20. Kwenye karatasi mhadhiri aliandika, "Nani anamwambia nani?" Chini yake akaongeza: "Waonyeshe watu kumi ambao si marafiki zenu. Msiwaeleze chochote. Waulize tu wameona nini."

Niliskia vibaya, siwadanganyi. Picha ilikuwa safi, sauti ilikuwa safi, darasa lilipiga makofi. Nikajiambia huyu mzee mara ya mwisho kushika kamera ilikuwa enzi za kanda za VHS. Usiku huo kikundi kikavunjikia WhatsApp, kila mtu akitafuta wa kumbebesha lawama, na wengi wakanichagua mimi. Karatasi nikaitupa ndani ya begi. Muhula uliofuata nikaacha chuo, na sababu ilikuwa karo, haikuwa zile alama. Lakini ile karatasi nilihama nayo. Sijui kwa nini. Labda kuna maneno unayakataa kwa mdomo na mkono unayaweka.

Mwaka jana nikawa natafuta habari za filamu za zamani za pande zetu, nipate kitu cha kuposti. Hapo ndipo nikajipata uso kwa uso na tangazo langu. Lilikuwa limetengenezwa miaka karibu 90 kabla yangu.

Iko hivi. Mwaka wa 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wachache walianzisha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Kiongozi wa kamera alikuwa Meja L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa mashamba. Mwenzake, G. C. Latham, alikuwa ametoka kwenye idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kati ya 1935 na 1937 walitengeneza filamu 35 hivi, kuhusu minyoo, ngozi za mifugo, chai, mashamba, machifu. Walitumia filamu ya milimita 16, na sauti wakairekodi pembeni kwenye sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kuongea lugha tofauti ikifika mahali tofauti. Kisha wakapakia kila kitu kwa lori, pamoja na mashine ya umeme, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Fikiria hiyo kazi na barabara za wakati huo. Mimi hulia data ikiisha.

Moja ya zile filamu za kwanza iliitwa Post Office Savings Bank. Sikiza hadithi yake. Wanaume wawili wanapokea mshahara. Mmoja anachimba shimo ndani ya nyumba yake, anazika pesa. Mwizi anakuja, anazichimbua. Mwenzake mwerevu anapeleka zake benki ya posta, na zinakaa salama.

Manze, nilicheka. Halafu nikanyamaza. Toa shimo, weka mkebe. Toa posta, weka programu ya simu. Ni filamu yangu. Nilidhani nimetunga kitu kipya, kumbe nilikuwa nimerudia tangazo la serikali ya kikoloni, na sikuwahi hata kuliona. Lilinifikia vipi? Nafikiri lilinifikia kupitia kila bango la afya, kila igizo la shule ya msingi, kila tangazo la redio lenye mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Huo muundo umekaa hapa mpaka tunadhani ni wetu.

Sasa, ule mradi wa Vugiri haukuwa wa watu wavivu. Uliitwa jaribio kwa sababu walitaka kujua ni filamu gani inafanya kazi kwa mtazamaji Mwafrika, na walikusanya maoni kila walipopita. Shida ni kwamba swali lao lilikuwa, "Je, wameelewa?" Swali ambalo hawakuanza nalo ni lile la mhadhiri wangu: nani anamwambia nani? Kwa nini mfanyakazi wa shamba angezika pesa? Posta ilikuwa umbali gani? Dirishani alikuwa anahudumiwa vipi? Huyo mwenye shimo kwenye filamu hana sababu zake, yuko pale tu ili aibiwe. Na mwaka wa 1937 mradi ulipoisha, kwa kuwa serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kuulipia, kitabu kilichobaki, The African and the Cinema, kiliandikwa na Notcutt na Latham. Mtazamaji hakuandika kitabu.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya hii historia. Ya pili inachoma zaidi.

Mwaka wa 1939, vita vikianza, Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na mkuu wake akawa William Sellers. Huyu alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria na kuonyesha filamu vijijini huko. Sellers alikuja na masharti yake kuhusu filamu za Waafrika: picha iende polepole, kamera isirukeruke, usikate ghafla kutoka mahali hadi mahali, usitumie ujanja wowote wa kamera. Kwa nini? Kwa sababu, kulingana naye, mtazamaji wa huku hakuwa na akili iliyozoea kufuata picha za haraka.

Sasa ngoja. Miaka hiyo hiyo, kwenye miji ya migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini, vijana walikuwa wanajaza maonyesho ya filamu za makauboi kutoka Hollywood. Farasi wanakimbia, risasi zinalia, picha zinakatwa kila sekunde. Walikuwa wanapiga kelele, wanamshauri shujaa, wanarudi nyumbani na kuvaa kofia kama yake. Hakuna aliyewaandalia masharti ya polepole. Walielewa sana. Kwa hivyo labda tatizo halikuwa kasi. Labda filamu za serikali zilikuwa zinaboesha, na badala ya mwenye filamu kusema "nimeboesha", alisema "hawaelewi". Huo ni ujanja mzuri sana wa kukwepa maoni, na mimi niliutumia vilevile niliposema mhadhiri haelewi vidio za siku hizi.

Halafu kuna kuku.

Hii stori ilichapishwa na John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, mwaka wa 1961, na mwaka uliofuata Marshall McLuhan wa Kanada akaitia ndani ya kitabu chake The Gutenberg Galaxy, ndipo ikazunguka dunia. Ofisa wa afya alikuwa ametengeneza filamu kuhusu maji yaliyotuama: mwaga mikebe yenye maji, safisha uwanja, mbu wasizaane. Ilikuwa ya polepole sana, kama masharti yalivyotaka. Dakika tano hivi. Wakaionyesha kijijini Afrika, kisha wakawauliza watazamaji zaidi ya 30: mmeona nini?

Wakajibu: tumeona kuku.

Waliotengeneza filamu hawakujua kuna kuku ndani yake. Ikabidi wairudie picha moja baada ya nyingine. Na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku aliyeshtuliwa alikuwa amepaa na kupita pembeni, chini kulia kwa skrini.

Hii stori imetumiwa miaka mingi kuthibitisha kwamba mtu asiyesoma hawezi kuona picha nzima. Mimi naisoma tofauti. Kwanza, kuku alikuwepo. Watazamaji waliona kitu cha kweli ambacho mwenye filamu mwenyewe hakukiona, na yeye ndiye aliyekuwa ameikata na kuiunga. Sasa kati yao ni nani hakuona picha nzima? Pili, kwenye dakika tano za mtu anayetembea polepole akimwaga maji, kitu kimoja tu kilikuwa na haraka. Jicho linaenda penye uhai. Hata lako. Hata ukiangalia habari za saa moja na paka apite nyuma ya mtangazaji, utaongea kuhusu paka.

Lakini ona ile sehemu nzuri: angalau waliuliza swali safi. Hawakuuliza "mmejifunza kuhusu mbu?", maana hapo jibu lingekuwa "ndiyo bwana", na kila mtu angeenda nyumbani na furaha ya uongo. Waliuliza mmeona nini. Ni lile lile swali lililokuwa ndani ya begi langu.

Nikaitoa ile karatasi. Jumamosi moja nikachukua simu, nikaenda Kayole kwa kibanda cha anti, nikaanza kuwaonyesha wateja tangazo langu la zamani. Sikuwaeleza chochote. Nilipata watu tisa, wa kumi alikataa kwa sababu alidhani nauza kitu.

Wanne waliongea kuhusu bei ya nyanya. Nyuma ya anti, kwenye ile picha niliyodhani ni safi, kulikuwa na kadibodi imeandikwa nyanya tano kwa ishirini. Mama mmoja alinirudishia simu akiwa na uchungu kabisa: "Kwani nyanya tano kwa ishirini ilikuwa lini? Mwambie huyo anti yako arudishe hiyo bei." Wawili waliuliza kama ule mkebe bado upo, kwa sababu mikebe ya aina hiyo ni adimu siku hizi na ni mizuri ya kuwekea unga. Mmoja alisema anti ametoka vizuri. Mmoja alisema hajaona kitu, jua lilikuwa kali.

Na wa tisa, jamaa wa bodaboda, aliangalia mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema: "Huyo kijana wa shati ndiye tapeli, sindio? Wa kwanza aliiba mkebe, wa pili sasa anataka namba yake ya siri."

Nilitaka kumweleza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini fikiria kama yeye. Kijana usiyemjua amevaa vizuri, anamjia mama aliyetoka kuibiwa, anamwekea simu mkononi na kumwambia pesa zake zitakuwa salama humo ndani. Nairobi hii? Jamaa wa boda alikuwa amesoma filamu yangu sawasawa. Mimi ndiye nilikuwa sijaisoma. Shujaa wangu alikuwa kuku wangu.

Yote hayo anti alikuwa anayasikia huku akikata sukuma. Wateja walipopungua akanyoosha mkono, akaomba simu. Aliangalia zile sekunde 60 mara moja tu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Karo yako ya kwanza ilitoka kwa mkebe gani?"

Wasee, ngoja niwaeleze kwa nini hilo swali lilinimaliza. Anti yangu yuko kwenye chama cha akina mama 18. Wanachanga kila wiki, kitabu kinaandikwa, asiyelipa anatozwa faini. Zamu yake ilipofika mwaka ule ninaingia chuo, hakununua friji aliyokuwa akiisema siku zote. Pesa yote iliingia kwa karo yangu ya muhula wa kwanza. Kisha mimi, kwa ile elimu aliyonilipia, nikatengeneza filamu ambayo yeye hajui kuweka pesa, na mvulana wa shati ndiye anamfundisha. Na darasa likapiga makofi.

"Nani anamwambia nani?" Mhadhiri aliliona hilo kwa kuangalia mara moja, na hata hamjui anti yangu.

Nilimwomba msamaha pale pale. Hakunijibu haraka. Alinipa kisu, akaniambia nimalizie hiyo sukuma. Kwetu hiyo ni aina ya kusamehewa.

Kabla sijawaambia nilifanya nini baadaye, stori moja ya mwisho kutoka kwa historia, na hii ni ya kwetu kabisa. M-Pesa mwanzoni haikuwa ya kutuma pesa. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone, kwa msaada wa pesa za maendeleo kutoka serikali ya Uingereza, walianza jaribio pamoja na Faulu Kenya. Wazo lilikuwa wanavikundi walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja walikuwa chini ya 500, Nairobi na Thika.

Halafu watu wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Mtu anaweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili, asitembee na pesa taslimu mfukoni. Wengine wanalipana kwa biashara. Wengine wananunua muda wa maongezi na kuutuma kwa jamaa mashambani. Wenye maduka wanaiweka kama sefu ya usiku. Kwa macho ya Sellers, hawa ni watu ambao "hawajaelewa" bidhaa. Lakini wenye mradi walikaa chini wakaangalia watu wanafanya nini kwa ukweli, na ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, mkopo haukuwa tena mbele. Tangazo lilikuwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kutuma pesa nyumbani. Watu walikuwa wanatuma tangu zamani, kwa makanga wa matatu, kwa binamu anayesafiri, kwa bahasha ya posta. Tangazo liliwakuta pale walipo.

Hapo ndipo naona tofauti. Vugiri mtazamaji aliulizwa ili ajulikane kama ameelewa. Thika mteja aliangaliwa, na bidhaa ndiyo ikabadilika. Yote mawili yanaitwa kupokea maoni. Yana umbali wa mbingu na ardhi.

Basi. Nilirudi Kayole baada ya wiki mbili na kamera ile ile ya kuazima. Safari hii sikuandika hadithi. Nilimwomba anti anieleze vile chama chao kinashika pesa, yeye na katibu wao. Walibishana mbele ya kamera kuhusu faini ya mwanachama mmoja wa zamani, na katibu akafungua kitabu kuonyesha ukurasa. Nikakata nikabaki na sekunde 40. Hakuna mwizi. Hakuna shati. Mwishoni anti anasema tatizo lao moja ni kwamba kitabu ni kimoja na mwaka fulani kilinyeshewa. Hapo sasa kuna kazi ya programu ya simu! Lilikuwepo hapo siku zote, na mimi nilikuwa nimelifunika kwa mkebe.

Nilimtumia mhadhiri. Sikuwa mwanafunzi wake tena, alama zangu zimelala palepale kwenye 11, na sikuomba zibadilishwe. Alijibu baada ya siku tatu: "Sasa ni yeye anatuambia. Sauti ya dakika ya mwanzo iko chini." Nikaangalia. Vidio ni ya sekunde 40, haina dakika ya mwanzo. Lakini sauti kweli ilikuwa chini. Nikairekebisha.

Sijarudi chuo, na sisemi muache chuo. Kuna watu wanadhani nikiposti kitu kikapendwa na wengi basi nimeshinda mhadhiri. Hapana. Makofi ya darasa letu yalikuwa ya marafiki, na makofi hayakuwahi kuniambia chochote kuhusu filamu yangu. Aliyeniambia ni mtu aliyenipa 11, jamaa wa boda ambaye simjui jina, mama mwenye uchungu wa nyanya, na anti yangu kwa swali moja.

Kwa hivyo ukiwa na kazi yako, iwe tangazo, wimbo, ama hotuba ya harusi ya binamu yako, tafuta watu ambao hawana sababu ya kukufurahisha. Nyamaza. Uliza wameona nini. Wakisema kuku, usiwaambie hakuna kuku. Rudi uangalie.

Hata hii nimeandika, anti ameshaisomewa na binti yake. Nilimuuliza ameona nini. Akasema, "Nimeona umeandika friji." Kisha akauliza kama kuandika hizi vitu kunalipa.

Nimeanza kuchanga. Kila wiki, kwa chama chao, mwanachama wa 19. Katibu amenionya kuhusu faini.